Mchezo Umekwisha, Lakini Weye Bado Uko Askari?

Vijana wapenzi, na ninyi wazazi mnaowatuma watoto kwenye mazoezi ya mchezo kila Jumamosi, habari hii ni yenu wote.

Ijumaa Kuu ya mwaka 2001 nilimpiga Yezu. Niseme vizuri: nilimpiga rafiki yangu ambaye siku ile alikuwa Yezu, katika mchezo wa Mateso uliotengenezwa na vijana wa parokia moja isiyo mbali na Ntoto. Mimi nilikuwa askari mwenye mjeledi. Nilikuwa na miaka 19.

Katika mazoezi nilikuwa napiga vibaya. Mjeledi wetu ulikuwa wa kamba za maganda ya miti, na mimi niliogopa kumwumiza mwenzangu, basi watu walikuwa wanacheka. Kiongozi wa mchezo, mzee mmoja mwenye moyo mwema kabisa, alikasirika. Akaniita kando, akaniambia: “Weye, unapiga sawa vile unafukuza inzi. Fikiri muntu mwenye alikutesa. Umuone pale kwa mugongo. Kisha piga.”

Nilikuwa naye, mtu wa namna hiyo. Wale wenye umri wangu wanakumbuka: mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda juu sana, kisha mwaka 2001 ikaanguka. Negosia mmoja alikuwa amechukua mawe yangu kwa deni, kazi ya miezi mitatu chini ya ardhi, na bei ilipoanguka akanijibu kwamba hana deni na mimi. Siku ya Ijumaa Kuu nilimwona. Nakuapia, nilimwona. Mgongo wa rafiki yangu uligeuka kuwa mgongo wa yule negosia, na nikapiga.

Mama walilia. Wengine walipiga kelele, “Inatosha!”, na sisi tulifikiri ni mchezo unaenda vizuri. Rafiki yangu hakusema neno, kwa sababu Yezu hakusema neno. Jioni nilikwenda kwao. Mama yake alikuwa anamkanda mgongo kwa maji ya moto na chumvi. Aliniangalia pale mlangoni, akauliza: “Mutoto wangu alikufanya nini?” Nikajibu: “Haikuwa yeye, mama.” Akauliza tena: “Basi ilikuwa nani?”

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala. Kilichoniogopesha zaidi hakikuwa aibu. Ni kwamba pale, kwa kitambo kidogo, nilijisikia vizuri.

KITU HIKI KINA JINA

Kiongozi wetu hakuwa amesoma vitabu vya teatri. Lakini kile alichoniambia kina historia ndefu, na wewe unayecheza michezo kanisani, shuleni au katika mashirika ya amani unapashwa kukijua, maana pengine wanakufundisha hivyo hivyo bila kukuambia.

Mwaka 1898, mjini Moscow katika Urusi, Konstantin Stanislavski na mwenzake Vladimir Nemirovich-Danchenko walianzisha nyumba ya teatri. Stanislavski alichoka kuona wachezaji wanaopaza sauti na kutupa mikono hewani bila ukweli wowote. Akajiuliza: mchezaji afanye nini kusudi kila usiku, hata usiku wa mia moja, kilio chake kiwe kilio kweli? Jibu lake moja alilichota kwa mtaalamu Mfaransa, Théodule Ribot, aliyeandika juu ya kumbukumbu za hisia. Kama mtu unayemwiga analia, tafuta katika maisha yako siku uliyolia wewe. Usitafute habari ya siku ile tu. Tafuta harufu ya chumba, rangi ya kitambaa, sauti ya mlango. Ukivipata vile vitu vidogo, machozi yanakuja yenyewe.

Na inafanya kazi! Hilo tukubali mara moja. Siku ile mimi nilikuwa askari bora kupita wote waliowahi kucheza pale parokiani, na watu walisema hivyo.

Shida ni kwamba kumbukumbu si kama ndoo unayoteremsha kisimani na kuivuta ukitaka. Kati ya wanafunzi wa Stanislavski kulikuwa na kijana mwenye kipawa kikubwa, Michael Chekhov, mtoto wa kaka yake yule mwandishi Anton Chekhov. Karibu na mwaka 1918 akili yake ililemewa hata akashindwa kabisa kucheza. Sitasema ni teatri peke yake iliyomfikisha pale: nchi ilikuwa katika mapinduzi na vita, nyumbani alikuwa na misiba, na pombe ilikuwepo. Lakini alipopona, yeye mwenyewe aligeuka akafundisha njia nyingine. Alisema mchezaji asichimbe vidonda vyake, atumie mawazo: amwone mtu anayemwiga akisimama mbele yake, amwulize maswali, kisha avae mwili wake kama koti. Na koti linavuliwa.

Hata Stanislavski hakubaki pale pale. Mwaka 1934 mchezaji Mmarekani Stella Adler alimkuta Paris, akasoma naye kwa majuma kadhaa, akarudi New York na habari kwamba mzee sasa anasisitiza mawazo na matendo ya mwili kupita kumbukumbu za uchungu. Mwenzake Lee Strasberg hakukubali. Strasberg ndiye baadaye aliongoza Actors Studio, iliyofunguliwa New York mwaka 1947, na njia yake ya kumbukumbu ikaenea duniani kwa sababu ya sinema. Lakini angalia: hata yeye, mtetezi mkubwa wa njia hiyo, alishauri kumbukumbu unayotumia iwe na umri wa miaka saba au zaidi. Kidonda kipya hakiguswi.

Miaka saba! Nilipojua hivyo nilicheka kicheko cha uchungu. Negosia wangu alikuwa na miezi mitatu.

Ukisikia “Marekani” na “Urusi” usifikiri kwamba wakubwa hawapatwi. Mwaka 1989, kwenye National Theatre ya London, Daniel Day-Lewis alikuwa anacheza Hamlet, yule mtoto wa mfalme anayetokewa na mzimu wa baba yake. Usiku mmoja, katika sehemu ya mzimu, aliondoka jukwaani katikati ya mchezo na hakurudi. Baba yake mwenyewe, mshairi Cecil Day-Lewis, alikuwa amefariki mwaka 1972. Watu walitangaza kwamba alimwona marehemu. Baadaye yeye alieleza kwa upole kwamba haikuwa mzimu wa hadithi za usiku. Ila ukicheza mchezo wa namna ile unaingia na maisha yako, na kwa namna fulani alikuwa anakutana na baba yake kila usiku. Sinema aliendelea nazo, akapata sifa nyingi. Jukwaani hakurudi tena.

MWILI HAUULIZI KAMA NI MCHEZO

Ukipandisha hasira kwa kukusudia, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka, misuli inakaza. Mwili umepokea amri ya kupigana au kukimbia, nao unatii, hauna njia ya kuuliza, “Bwana, hii ni kweli ao ni teatri?” Mchezo ukiisha, akili inajua mara moja kwamba umekwisha. Mwili unachelewa. Ndiyo maana mchezaji anafika nyumbani saa tatu ya usiku, hapati usingizi, anagombana na mdogo wake juu ya sahani ya ugali, ao anatafuta kasiksi kusudi “ateremke”. Mama, ukiona hivyo usiseme mara moja kwamba mtoto ameharibika.

Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, katika Kanada, walitoa utafiti juu ya jambo hili. Waliwalaza wachezaji 15 katika mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, wakawauliza maswali. Mara wajibu kama wao wenyewe, mara kama wao wenyewe lakini kwa matamshi ya Waingereza, mara kwa niaba ya rafiki yao, mara kama Romeo ao Juliet wa Shakespeare. Walipojibu kama Romeo na Juliet, sehemu fulani za ubongo zinazohusika na mtu kujijua mwenyewe zilipunguza kazi. Hata kubadilisha matamshi tu kulileta upungufu kidogo.

Watu 15 si wengi, na mashine si jukwaa. Wala utafiti ule hauelezi kinachotokea kesho yake. Lakini nilipousoma nilimkumbuka mama wa rafiki yangu na swali lake. “Haikuwa yeye” ilikuwa kweli. “Haikuwa mimi” pia ilikuwa karibu na kweli. Nilikuwa nimetoka kidogo katika nyumba yangu, na hakuna aliyekuwa amenionyesha njia ya kurudi.

Tena kuna jambo la jirani. Katika kijiji mchezo hauishii kwa mchezaji. Kijana aliyecheza Yuda anapita sokoni na watoto wanafuata nyuma: “Yuda anapita! Rudisha franga!” Siku ya kwanza anacheka. Majuma matatu baadaye, shimoni, kitu kinapotea, na wote wanamwangalia yeye. Msichana aliyecheza malaya anaanza kuitwa kwa jina lile na wavulana wasio na adabu. London mchezaji anapanda basi na hakuna anayemjua. Ntoto, wewe na aliyekuwa akikuangalia mnateka maji pahali pamoja.

WAZEE WETU WALIUJUA MLANGO

Watu wengi wanafikiri kuingia ndani ya mtu mwingine kwa mchezo ni jambo la wazungu. Si kweli, na ushahidi uko hapa hapa Walikale.

Banyanga wana hadithi kubwa ya Mwindo, mtoto mdogo aliyezaliwa akitembea na kusema, aliyekataliwa na baba yake. Mwaka 1956 mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck aliiandika kutoka kinywani mwa Shé-Kárisi Rureke, na mwaka 1969 ikatoka kitabu, kazi aliyoifanya pamoja na Kahombo Mateene, msomi wa Banyanga wenyewe. Kazi ya kuisimulia ilichukua siku 12. Rureke aliimba, akasimulia, akacheza ngoma, akaigiza, mpaka sauti ikaisha na mwili ukachoka. Alipomsimulia Mwindo alikuwa Mwindo: alishika mkononi fimbo ya mkia kama ile ya shujaa, akatikisa kibuyu chenye mbegu, akatembea alivyotembea shujaa.

Lakini angalia namna ilivyopangwa. Hakuwa peke yake; kulikuwa na vijana wanaojifunza kwake, wanapiga mti na kuitikia. Hadithi haikusimuliwa yote kwa pigo moja; desturi ni kuileta kipande kwa kipande, na watu wanampa msimulizi zawadi na chakula. Na katikati ya wimbo Rureke alikuwa anatoka ndani ya Mwindo: anaimba juu yake mwenyewe, anamwambia yule mwandishi maneno, kisha anarudi kwa shujaa. Anatoka, anaingia. Mlango unabaki wazi wakati wote, na watu wote wanauona.

Mambo ya roho Karisi, ambaye wazee waliamini kwamba ndiye anamtaka msimulizi aifanye kazi hiyo, siyajadili hapa. Kila mmoja wetu anajua Kanisa linavyofundisha. Mimi naangalia ufundi tu. Na kwa ufundi, mzee Rureke alikuwa salama kupita mimi na mjeledi wangu.

SASA TUSEME JUU YA SOKO

Nimezunguka, lakini nilitaka kufika hapa.

Tarehe 20 Machi 1993 watu wengi waliuawa katika soko la Ntoto. Sitaandika makabila, mnaokaa huku mnajua, na mnajua pia kwamba moto ule ulitoka Ntoto ukashika Masisi yote, maelfu wakafa, na zaidi ya laki mbili wakakimbia makao yao. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi siku ile leo ana zaidi ya arobaini. Anauza chumvi ao anafundisha ao anachimba. Wana wa waliouawa na wana wa waliokimbia wanakutana.

Basi tuseme vijana wa shirika moja wanataka kutengeneza mchezo juu ya soko lile, kusudi watu wasirudie. Wazo ni jema. Nani atacheza muuaji? Nani atacheza mama anayemtafuta mtoto kati ya mizigo? Na kiongozi wa mchezo, akitaka machozi ya kweli, atamwambia nini yule msichana? “Fikiri siku baba yako alikufa”?

Ndugu, hapo ndipo nasema hapana.

Sisemi hapana kwa mchezo. Nasema hapana kwa njia ile. Kwa mtu aliyepita katika vita, kumbukumbu haikai sikuzote kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Inakaa vipande vipande: harufu ya moshi, sauti ya panga juu ya jiwe, kilio. Kipande kimoja kikiguswa mwili unarudi kule kule, na mtu anaweza kuanguka ao kutetemeka ao kunyamaza siku tatu. Strasberg alisema miaka saba. Lakini yeye alikuwa na wanafunzi wa New York, ambao jioni wanatoka nje na mtaa una taa. Huku kwetu kuna watu ambao miaka thelathini bado ni jana, kwa sababu vita vyenyewe havikupumzika.

Mnajua kwamba hata wageni wamecheza maumivu yetu? Mwandishi Mmarekani Lynn Nottage alikwenda Uganda mwaka 2004, akasikiliza wanawake wakimbizi kutoka Kongo, akaandika mchezo unaoitwa Ruined. Unatokea katika baa ya mji mdogo wa machimbo ya koltani, pale msitu wa Ituri, kati ya wachimbaji na askari wa kila upande. Ulichezwa Chicago mwaka 2008, kisha New York, na mwaka 2009 ukapata tuzo ya Pulitzer. Wachezaji wale walibeba mateso ya mama zetu kila usiku kwa miezi, na sina shaka ilikuwa mizigo. Lakini walipovua nguo za mchezo, waliosababisha mateso yale hawakuwa wamekaa mlangoni. Huku kwetu mchezaji anavua nguo, anapita barabara ile ile.

Jirani zetu wa Rwanda walijaribu njia mbalimbali, na ni vema kujifunza. Katika mchezo Rwanda 94, uliotengenezwa na kundi la Groupov la Liège, Ubelgiji, Yolande Mukagasana, muuguzi wa Kigali aliyepoteza mume na watoto wake watatu mwaka 1994, alikaa juu ya kiti akaeleza yaliyompata. Hakumwiga mtu, wala hakuna aliyepewa kazi ya kumwiga. Alikuwa yeye, na maneno yake, na kasi yake mwenyewe. Wachezaji walikuja nyuma yake. Mchezo ule ulidumu karibu saa sita, na mwaka 2004 ulichezwa Rwanda yenyewe. Njia nyingine ni ya Hate Radio ya Mswisi Milo Rau, ya mwaka 2011, inayorudisha kipindi cha redio RTLM iliyochochea mauaji. Pale wachezaji Wanyarwanda walikubali kukaa katika viti vya wachochezi. Nancy Nkusi, ambaye alikimbia mauaji yale akiwa mtoto, alicheza mtangazaji Valérie Bemeriki. Fikiri kazi hiyo! Lakini angalia: hawakuombwa walie. Waliigiza watu wanaocheka na kupiga muziki. Kilio waliwaachia watazamaji.

Rau huyo huyo alikuja Bukavu Mei 2015 na Baraza la Kongo, teatri iliyotengenezwa kama mahakama. Bisie yetu ya Walikale ilikuwa moja ya kesi. Pale hakukuwa na wachezaji. Wachimbaji, wakubwa wa serikali, wanasheria, kila mtu alisimama kwa jina lake. Haikuwa na nguvu ya kumfunga mtu. Lakini mchimbaji aliyesema pale, alisema maneno yake, na jioni alirudi nyumbani akiwa mtu yule yule aliyetoka asubuhi. Mimi naona hilo si jambo dogo.

Na kwa vijiji vyetu, njia ninayoipenda kupita zote ni ile ya teatri shirikishi, ambayo Search for Common Ground na wengine wameitembeza mashariki mwa Kongo tangu miaka ya 2000. Mizizi yake ni ya Mbrazili Augusto Boal. Wachezaji wanakuja kijijini, wanasikiliza shida, wanatengeneza hadithi ya kijiji kisichokuwepo, majina mengine, soko lingine. Katikati wanasimama: “Weye mama, ungefanya namna gani?” Na mama anaingia mwenyewe, anasukuma mchezaji kando, anaonyesha. Watu wanacheka. Hakuna anayezama sana, kwa sababu mchezo unakatwa kila mara. Tena mlango unabaki wazi, kama kwa mzee Rureke.

KABLA NA BAADA

Kiongozi wa mchezo, sasa nasema na wewe. Usimpe mtu kucheza kidonda chake. Uliza kwanza, faraghani, si mbele ya wote, maana mbele ya wote kila kijana atasema “niko sawa”. Binti aliyetendewa vibaya asicheze binti anayetendewa vibaya, hata kama anaomba. Na akiomba sana, zungumza na mama mmoja mwenye busara, ao na wauguzi wanaojua kazi hiyo. Panga la kweli lisiingie jukwaani, wala bunduki ya kukopa kwa askari wa barrière. Nimeona watu wakikimbia mchezo kwa sababu hawakujua kama ni mchezo. Watoto wadogo wasicheze maiti. Pombe “ya kupata ujasiri” ifukuzwe kabisa, kwani anayeingia kwa mtu mwingine akiwa amelewa hataiona njia ya kutoka.

Muuaji na Yuda wachezwe kwa zamu. Leo huyu, kesho yule. Hivyo hata kijiji kinashindwa kumbandika mmoja jina.

Machozi nayo tunayathamini kupita kiasi. Diderot, Mfaransa wa karne ya 18, alisema mchezaji mkubwa anawaliza watu wakati moyo wake mwenyewe umetulia. Alizidisha, nafikiri, lakini kwa vijana wetu ni shauri zuri. Fundisha mikono, hatua, pumzi. Askari anayekunja mikono ya shati polepole kabla ya kupiga anaogopesha watu kuliko askari mwenye hasira ya kweli, na hamwumizi mtu.

Mchezo ukiisha, usiwaache watu watawanyike. Nguo za mchezo zivuliwe pahali pamoja na zibaki pale. Kijana asirudi kwao na kofia ya askari. Wanawe nyuso. Kila mmoja aitwe kwa jina lake la nyumbani, na aitikie kwa sauti. Mkae chini mle kitu, hata mihogo ya kuchoma, na kila mmoja aseme kilichomgusa. Anayenyamaza sana, mmoja amsindikize. Nusu saa inatosha. Na wewe mzazi, usimwulize, “Walikupigia makofi?” Mwulize alale vizuri ao hapana, na umwulize tena baada ya juma moja. Ndoto mbaya za usiku mmoja mbili si kitu. Zikiendelea majuma, akiacha kula, akikimbia watu, mpelekeni kituo cha afya. Kuna wenye kufundishwa kusikiliza mambo hayo, na hakuna aibu.

Kuhusu rafiki yangu. Baada ya Pasaka nilimpelekea jogoo kwao, na mama yake alipokea bila kusema mengi. Tulirudi shimoni pamoja, yeye akichimba, mimi nikipandisha mifuko. Mwaka uliofuata kiongozi alinipa tena mjeledi, nikakataa. Rafiki yangu akauchukua yeye. Akasema atanifundisha namna askari anapiga bila kugusa, na siku nzima tulifanya mazoezi nyuma ya kanisa, mimi nimevua shati, kamba zikipita hewani karibu na mgongo wangu. Kila mara iliposikika, nilijikunja. Haikunigusa hata mara moja.

Sasa ana watoto sita. Tukikutana sokoni bado ananiita, “Askari wangu!” Na mimi naitika.